Umepiga Picha Karatasi

Nyumbani,
8 Januari

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama. Sisi hatujambo. Mama bado anashona sare, na kwa kuwa shule zimefunguliwa nyumba nzima imejaa vipande vya kitambaa cha bluu. Juzi kimoja kilitoka ndani ya kopo la sukari. Baba yuko safarini na lori lake. Bibi anakusalimu sana. Ameniambia niandike kwamba yeye ni mzima kabisa, na neno "kabisa" nilipigie mstari. Nimelipigia.

Nadhani hukutegemea barua kutoka kwangu. Uliondoka nikiwa mdogo, nakukumbuka kwa sauti kuliko sura. Sababu ya kukuandikia ni hii. Nilipofaulu kuingia kidato cha tatu, Bibi alifungua kabati lake, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya sweta kuukuu, akasema: "Hii ni ya mjomba wako. Aliiacha ili airudie. Basi ishike wewe mpaka atakapokuja kuichukua."

Ni kamera yako, Mjomba, ile ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Ni nzito kama pasi ya mkaa. Nilipofunua kifuniko cha juu na kuchungulia, nikaona uwanja wetu wote umo humo, kwenye kioo cha mraba kidogo kuliko kiganja changu, kamba ya nguo na kuku na vyote. Nilijaribu kumfuata kuku kulia, yeye akaenda kushoto. Nilicheka peke yangu mpaka Mama akauliza kama nina homa.

Shuleni wenzangu wana simu. Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja ana maelfu ya picha. Nilipomwomba anionyeshe ile anayoipenda zaidi, aliitafuta mpaka kengele ikalia. Mimi ningependa kuwa na picha chache ninazojua zilipo. Tafadhali nifundishe.

Bibi anauliza unakuja lini. Amesema swali hilo niliweke mwisho, usije ukalisahau.

Mpwa wako.

*

Huku,
2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, Mwalimu. Ndivyo nilivyokuwa nikikuita, kwa sababu ulianza kuwasahihisha watu wazima kabla hujaota meno yote. Naona hujaacha: barua yako nzima haina hata nukta iliyopotea. Msalimie dada yangu, mwambie awaonee huruma watu wanaokunywa chai kwake. Msalimie na Mama, bibi yako.

Umenifurahisha kuliko unavyojua. Nilidhani ile kamera imekwisha kuwa kiota cha mende.

Nitakufundisha, ila kwa sharti. Mafunzo ni kwa barua tu, simu hapana. Picha ya simu unaiona kabla mkono haujashuka. Hii itakungojesha, basi na masomo yake yakungojeshe.

Somo la kwanza: vaa mkanda shingoni, kamera ikae tumboni, inama. Mpiga picha wa kamera hii humwinamia mtu anayempiga. Hajifichi uso nyuma ya kitu. Anayepigwa anaona utosi wako na kujua kwamba amepewa heshima, na uso wake hulainika wenyewe bila kuambiwa acheke.

Somo la pili: kioo hugeuza kulia kuwa kushoto. Usibishane nacho. Baada ya muda mwili wako utajua, kama mtu anayejinyoa kwenye kioo.

Somo la tatu: roli moja hutoa picha kumi na mbili. Usiwe bahili, usiwe mlevi. Kabla ya kubonyeza jiulize, "Hii ingeniuma nikiikosa?" Isipouma, funga kifuniko uende zako.

Nimekutumia roli tatu ndani ya kifurushi. Kuweka filamu sitakueleza, maana hilo linataka mikono si kalamu. Mjini, nyuma ya soko, kuna mzee niliyefanya kazi naye, watu wote walimwita Fundi. Kama bado yupo atakuwekea. Mwambie umetumwa na yule aliyemwaga dawa ya kusafishia picha kwenye viatu vyake. Atakumbuka.

Studio yangu huku inaendelea. Kuhusu swali la Mama, mwambie nimelisikia.

Mjomba wako.

*

Nyumbani,
10 Machi

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani sote wazima. Baba amerudi, amelala siku nzima, amekula, ameondoka tena. Bibi amechukua simu ya Mama, siku hizi inakaa mfukoni mwa gauni lake. Ikilia tu anasema, "Huyo ndiye," na mara zote huwa ni wateja wa sare. Ila yeye ni mzima.

Fundi yupo. Studio yake sasa inatoa nakala za karatasi na picha za vitambulisho, lakini nyuma ya pazia chumba chake cha giza bado kipo. Nilipomwambia nimetumwa na nani, aliangalia viatu vyake kwanza. Kisha akasema, "Yule alikuwa na mkono mzuri na kichwa kigumu. Wewe umechukua kipi?" Nikamwambia bado sijui. Akasema, "Basi ni kichwa." Aliweka filamu haraka sana, sikuweza kuvifuata vidole vyake.

Ile roli ya kwanza nimeimaliza kwa wiki tatu. Mjomba, sikujua kwamba kungoja kunaweza kuwa kutamu. Asubuhi natembea na kamera kwenda shule kwa njia ndefu, na mara nyingi sipigi chochote. Naangalia tu. Nimegundua kwamba kibao cha duka la viatu kina kivuli chenye umbo la kiti, na nimekipita miaka yote hiyo. Sauti ya kamera ikifyatuka ni ndogo, kama mtu anayeweka kikombe kwenye sahani kwa adabu. Wavulana wa darasani wananiita Mpiga Picha wa Mawe, kwa sababu wanasema ni mawe tu yanayoweza kunisubiri. Kiranja akaniuliza, "Hicho kisanduku kinahitaji makaa au maji?" Nikamwambia kinahitaji watu wenye utulivu, ndiyo maana sijampiga yeye. Darasa lilicheka.

Fundi aliposafisha filamu, nne zilikuwa zimetikisika na moja ni kidole changu. Ila kuna ya Mama akiwa mashineni, mwanga wa dirisha umempiga mkononi, unaweza kuhesabu nyuzi. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe nafanana na mama yangu." Nakutumia nakala.

Sasa jambo kubwa. Bibi ameita watoto wake wote waje likizo ya Aprili, Jumapili ya pili. Mjomba Mkubwa atakuja na familia yake, na Mama Mdogo pia. Bibi amesema safari hii anataka apigwe picha na kamera yako, si kwa simu. Unajua anavyogeuza uso akiona simu. Amesema, "Picha hiyo ni ya yule wa mbali. Wa karibu wananiona kila siku." Na kama utakuja mwenyewe, amesema picha si lazima.

Fundi atakuwa amesafiri kwa binti yake wiki hizo, kwa hiyo filamu nitaiweka mwenyewe. Nimefanya mazoezi kwa karatasi iliyobaki ya roli ya kwanza. Nimeona kwamba ina upande mweusi mtupu na upande wenye namba na maandishi. Ninaiweka upande mweusi ukiniangalia mimi, na wenye namba ukiangalia lenzi, ili kamera isome namba na kujua imefika picha ya ngapi. Mpini unazunguka vizuri na hesabu inakwenda. Kama nimekosea tafadhali niambie, muda bado upo. Kuuliza si ujinga.

Na studio yako ikoje? Ina dirisha kubwa? Hujawahi kutueleza.

Mpwa wako.

*

Huku,
28 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kazi zimekuwa nyingi na afya si mbaya.

Natumaini mkutano wa ndugu ulikwenda vizuri na hakuna aliyegombea kiti. Picha ya dada yangu akishona nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Nyuzi nimezihesabu.

Niambie Mama alikuwaje. Picha zikiwa tayari nitumie yake, hata moja, hata iliyotikisika.

Mjomba wako.

*

Nyumbani,
12 Mei

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Barua yako ilikuwa fupi, nikageuza karatasi kuona kama kuna upande wa pili.

Siku ile ilikuwa nzuri. Walikuja wote. Niliweka beseni mlangoni na kila aliyeingia akatumbukiza simu yake humo. Mjomba Mkubwa alilalamika: "Sasa mtu akinitafuta?" Bibi akamjibu, "Aliyekuzaa amekupata, nani mwingine anakutafuta?" Mama Mdogo aliniomba mara mbili apige angalau moja kwa simu. "Hata ya wizi, mwanangu?" Nikamwambia hata ya wizi, leo ni siku ya kamera ya Mjomba. Alinung'unika, lakini baadaye akasema hajawahi kuona ndugu zake wakitazamana usoni muda mrefu hivyo. Walikaa wakasimuliana habari za zamani, za wewe kupanda juu ya bati kutafuta mwanga mzuri na kushuka na bati lenyewe.

Nilipiga picha zote kumi na mbili. Bibi alikaa kwenye kiti cha barazani, alikuwa mchangamfu. Nyingine nilimpiga na wajukuu, nyingine na watoto wake, nyingine peke yake.

Filamu iko kwa Fundi. Bado hajarudi kutoka kwa binti yake. Akirudi nitakutumia.

Bibi alipelekwa hospitali wiki iliyopita akarudi siku hiyohiyo. Amesema nisikuandikie hilo. Nimekuandikia, lakini usimwambie.

Mpwa wako.

*

Huku,
20 Juni

Mpwa wangu,

Simu ya dada ilinikuta kazini. Alisema maneno matatu, nikamwambia nimesikia, nikarudi kuendelea na kazi iliyokuwa mkononi kama mtu aliyeambiwa saa. Mikono ilifanya kazi mpaka jioni. Sijui ilikuwa inafanya nini.

Sikuja kumzika Mama. Najua mlingoja, najua Mjomba wako Mkubwa amesema aliyoyasema, na hajakosea. Pole, mwanangu. Wewe ulikaa naye kuliko sisi sote, msiba ni wako kabla haujawa wetu. Mpe pole mama yako.

Sina picha yake hata moja ya miaka hii. Ninayo ile ya kitambulisho, ambamo alikuwa amekasirika kwa sababu ya foleni. Ninapofumba macho namwona amekasirika na foleni. Nakuomba ile ya Aprili. Fundi hajarudi tu?

Mjomba wako.

*

Nyumbani,
19 Julai

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Ameanza kushona tena. Kiti cha Bibi bado kipo barazani, kila anayepita anakizunguka.

Mjomba, Fundi alirudi siku nyingi. Alirudi kabla sijakuandikia ile barua ya Mei, na filamu alikuwa ameshaisafisha. Nilikudanganya.

Nilisimama nje ya pazia nikisikiliza maji. Alitoka nayo ikiwa inachuruzika, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, na ilikuwa nyeupe tupu toka mwanzo hadi mwisho, kama kioo cha dirisha. Hapakuwa na mtu humo. Nilidhani dawa yake imeharibika. Akaniuliza niliiwekaje, nikamwonyesha kwa mikono. Alikaa chini. Akasema kwa upole, "Mjukuu, umepiga picha karatasi." Akanieleza kwamba namba ni za mtu, si za kamera. Filamu imelala juu ya upande mweusi, na upande huo ndio unaotakiwa kuiangalia lenzi. Mimi niliigeuza, kwa hiyo karatasi ikasimama mbele ya filamu na mwanga haukupita. Kamera ilifyatuka na kuhesabu mara kumi na mbili kwa heshima zote, bila kuona kitu.

Sikumwambia mtu nyumbani. Nilifikiri nitampiga Bibi tena kwa roli ya tatu kabla hamjajua. Kila siku nilisema kesho akiamka vizuri. Halafu hakuamka vizuri.

Kinachoniuma zaidi si filamu. Ni beseni. Simu saba zilikuwemo humo, na yoyote kati ya hizo ingekupa mama yako. Mama Mdogo aliniomba mara mbili. Mimi ndiye niliyekataa, kwa sababu nilitaka siku ile iwe nzuri kwa namna yangu.

Nilikuuliza mwezi wa tatu kama nimekosea. Nadhani barua ilichelewa njiani. Sikulaumu hata kidogo, posta ndivyo zilivyo. Nimekueleza ili ujue kwamba kosa ni langu peke yangu, na kwamba hakuna picha ya kungoja.

Nisamehe.

Mpwa wako.

*

Huku,
17 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Hii nitaipeleka hata ikiwa mbaya.

Barua yako ya Machi haikuchelewa. Ilifika mapema, ikiwa safi, na picha ya dada ndani. Nilipofika pale uliposema kamera isome namba, nilicheka kwa sauti, kwa sababu hata mimi nilipokuwa mwanafunzi wa Fundi niliuliza zile namba anasoma nani. Niliona kosa hapohapo. Nikasema jioni nitapiga simu.

Jioni nikakumbuka umeandika simu iko mfukoni mwa nani. Angepokea yeye. Angesema, "Huyo ndiye," na mara hiyo angekuwa hajakosea. Kisha angeniuliza lile swali, na mimi ningesema nini? Kwa hiyo nikasema nitaandika. Barua ya mstari mmoja ingetosha: geuza karatasi. Lakini nisingeweza kuandika mstari mmoja bila kujibu kama nakuja au siji, na jibu sikuwa nalo. Nikawa natafuta maneno mazuri. Nilikuwa bado nayatafuta Jumapili ile ilipofika. Nilikuwa kazini, nikaangalia saa, nikajua kwamba sasa amekaa kwenye kiti na wewe umeinama mbele yake, na hakuna kinachoingia.

Sharti langu la barua tu, Mwalimu, ulidhani ni somo. Nami niliwahi kudhani hivyo. Lilikuwa ukuta wa kujificha nyuma yake.

Sina studio. Niliifunga mwaka wa pili tangu nifike, watu walipoacha kuja. Ninafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nakunja mashuka. Si kazi ya aibu, na wenzangu ni watu wema. Aibu niliitia mimi, kwa kumwambia Mama habari za dirisha kubwa ambalo halikuwepo. Kila mwaka nilisema nitakuja nikiwa na kitu cha kuonyesha. Sasa cha kuonyesha sina, na wa kumwonyesha hayupo.

Kwa hiyo kosa lako ni la mtu anayejifunza. Langu ni la mtu aliyekuwa anajua.

Juzi nilimpigia mama yako, nikamweleza yote. Alikaa kimya mwanzoni, nikajua amekasirika. Baadaye tukaongea mpaka salio likaisha. Nimeomba likizo ya Desemba kwa msimamizi wangu. Amesema ataona. Nimemwambia aone vizuri.

Nina ombi moja, na una haki ya kulikataa. Filamu haikumwona, lakini wewe ulimwona. Ulikuwa umeinama juu ya kile kioo mara kumi na mbili. Niambie kilichokuwemo. Usinipambie.

Mjomba wako.

*

Nyumbani,
8 Septemba

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, na safari hii ni kweli. Mama anasema usidhani alinyamaza kwa hasira siku ile ulipopiga simu. Alikuwa na pini mdomoni.

Nilikasirika, Mjomba. Nilisoma barua yako kisha nikalala na viatu. Kwa siku kadhaa nilikuwa nakujibu kichwani nikienda shule, na majibu hayo yalikuwa na adabu kidogo sana. Nilifikiri: mstari mmoja tu. Halafu nilikumbuka kwamba mimi nami nilikuwa na mstari mmoja tangu Mei, na nilichukua hadi Julai kuuandika. Bado nimekasirika kidogo. Mama anasema hasira ya namna hiyo haizuii kumpikia mtu chakula.

Roli ya tatu ipo. Fundi amejitolea kunifundisha kuiweka, lakini nimemwambia asubiri. Nataka unionyeshe wewe, Desemba. Asubuhi bado natoka na kamera ikiwa tupu, naangalia tu kwenye kioo. Wavulana wanasema sasa hata mawe yamenikimbia. Sijali sana.

Umeniomba nisikupambie, basi nitakuambia hata yale ambayo Bibi alinikataza.

Alikuwa amekonda. Gauni lilimkalia mbali na mabega, kwa hiyo Mama alilibana kwa pini mgongoni ili lionekane limemtosha. Kila baada ya picha alikohoa, kikohozi kirefu, akiwa amegeukia ukuta. Aliniambia, "Subiri kinipite, ndipo upige. Na usimwambie." Picha zote kumi na mbili zilipangwa katikati ya vikohozi. Zingetoka, ungemwona mama mzima kabisa, na ungekuwa umedanganywa tena, na mimi ningekuwa nimesaidia. Hilo ndilo jambo pekee linalonifariji kuhusu ile filamu.

Za mwanzo alikuwa na watoto wa Mjomba Mkubwa. Mdogo wao alikuwa anamvuta sikio na yeye anajifanya haumii. Kuna moja ambapo Mama na Mama Mdogo walisimama nyuma yake, na wote watatu waliangalia upande mmoja kwa sababu kuku aliruka juu ya meza. Nyuso zao zilikuwa uso mmoja wa umri mbalimbali. Nilibonyeza hapohapo. Hiyo ingeniuma nikiikosa, na inaniuma.

Ya mwisho alitaka awe peke yake. Aliwafukuza wengine barazani. "Nendeni mkaangalie chai." Akajinyoosha, akaweka mikono magotini. Jua lilikuwa limeshapita ukuta na likaja ubavuni mwake laini, ungelipenda. Mikono yake ilionekana kila mshipa. Nilipoinama akaniita, akaniuliza, "Mbona hii ina macho mawili? Yeye ataniona kwa lipi?"

Nikamweleza kwamba lenzi ya juu ni yangu, ya kuangalizia. Ya chini ndiyo inayopiga picha.

Akasema, "Basi la juu ni la kwako, nisamehe sitalitazama."

Nilipoangalia kwenye kioo, Mjomba, alikuwa anaangalia chini kidogo, kama mtu anayeongea na mtoto aliyesimama mbele yangu. Hakucheka. Midomo ilikuwa imefungwa, lakini macho yalikuwa kama anaanza kusema jambo na anangoja umalize lako kwanza. Nilichelewa kubonyeza kwa sababu sikutaka aache. Nilibonyeza. Ile sauti ndogo ikalia. Yeye hakusogea, aliendelea kulitazama jicho la chini, hadi nikamwambia tumemaliza.

Akauliza, "Ameshaniona?"

Nikamwambia ameshakuona, Bibi.

Mpwa wako.